Unajenga Ocha? Zika Paipu za Intaneti Kabla Fundi wa Plasta Hajafika

Kuna wiki moja tu kwenye mjengo ambayo kuweka nyaya za intaneti ni kazi rahisi. Ni ile wiki kuta zimesimama, mabati yako juu, fundi wa stima ameanza kuchimba mifereji yake kwenye mawe, na fundi wa plasta bado anangoja umpigie simu. Ukiachia hiyo wiki ipite, kazi ya siku moja inageuka kuwa nyundo, vumbi, plasta mpya, rangi mpya, na mathe kuhamia kwa jirani na godoro lake.

Najua hii kwa sababu iliniramba. Tulijengea mathe keja ya vyumba vitatu Mikinduri, kule Tigania East. Mawe ya mashine, mabati ya rangi, dari ya jipsam sebuleni, kila kitu safi. Nikamwambia fundi nataka pia nyaya za intaneti. Akacheka. "Boss, siku hizi kila kitu ni waifai. Hizo nyaya ni za nini?" Nikaona jamaa ako na pointi, na doo zilikuwa zimeisha. Tukapiga plasta, tukapaka rangi, tukachinja mbuzi.

Miezi mitatu baadaye brathe yangu mdogo alikuwa anafanya kazi ya onlain, zile za kusikiliza sauti na kuandika maneno, akiwa amekaa kwa sakafu ya koridoo saa sita usiku. Chumbani kwake waifai ilikuwa inaingia na baa moja, ikijisikia. Faili ikakwama ikitumwa, mara ya kwanza wakamsamehe, mara ya pili akaunti ikafungwa. Hizo doo ndizo zilikuwa zinalipa karo yake. Ndio tukarudi na nyundo.

Kwa hivyo hii stori ni ya wewe unayejenga, iwe ni Mikinduri, Maua, Chuka, Runyenjes ama Embu taon, na ungependa kupanga hii kitu mara moja na iishe.

Mawe na mabati hayabembelezwi

Waifai ni redio tu. Mawimbi yanatoka kwa rauta, yanasambaa, na kila ukuta yanaopita unameza kiasi chake. Sasa cheki vile tunajenga. Keja mpya nyingi za huku ni mawe ya kukatwa na mashine, ukuta wa inchi sita hadi tisa, plasta pande zote mbili, ringi bimu yenye nondo, na juu mabati. Waifai ya 2.4 GHz hujikaza ikapita kuta kadhaa lakini kasi yake ni ya chini. Ile ya 5 GHz, ambayo ndiyo yenye mbio, ikifika ukuta wa pili imechoka. Chuma nayo haipitiki kabisa, inarudisha mawimbi yalikotoka. Ukiweka rauta sebuleni, chumba cha mwisho kwa koridoo kinapata makombo.

Na usisahau mathe mwenyewe hakai sebuleni. Mchana mzima ako jiko la nje, lile la kuni, na ndiko anataka kukuona kwa simu ya video.

Kuna wasee watakwambia ununue ekstenda, kale kadude ka kuchomeka kwa soketi ya stima. Manze, ekstenda inachukua ile waifai dhaifu iliyoipata na kuirudia. Za bei ya chini zinatumia redio moja kupokea na kutuma, kwa hivyo kasi inakatika karibu nusu hapo hapo.

Sisemi waifai itupwe. Simu hazina tundu la waya, na hakuna mtu ataburuta waya hadi jiko la kuni. Waya ni lami, waifai ni boda ya kukufikisha kwa mlango. Kazi ya waya ni kupeleka intaneti nzima hadi karibu na mahali watu wako, halafu hapo ndio unaweka kisambaza waifai. Vile vitu havihami, yaani TV, kompyuta, kamera na deki ya kurekodi kamera, vikae kwa waya moja kwa moja.

Intaneti yenyewe itaingilia wapi?

Hili swali watu huliruka, na ndilo la kwanza. Mwaka wa 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na gava nayo ikawa inatandaza NOFBI, ule mtandao wa kitaifa wa faiba unaounganisha makao ya kaunti. Lakini kutoka makao ya kaunti hadi boma lenu bado kuna safari, na kila kampuni inaimaliza kivyake. Inaweza kuwa faiba inayoning'inia kwa nguzo. Inaweza kuwa kampuni ndogo inayorusha mawimbi kutoka mnara hadi antena kwa paa lako. Inaweza kuwa kale kaboksi ka 4G au 5G ka Safaricom, ambao walianza kuuza 5G kwa wateja Oktoba 2022. Ama ni dishi la Starlink, lililoingia Kenya rasmi Julai 2023.

Usijenge nyumba ukifuata kampuni moja. Nyumba itasimama miaka hamsini, kampuni utabadilisha mara kumi. Jenga njia tatu za kuingilia, zote ziishie kona moja ndani ya nyumba.

Njia ya kwanza inatoka chini, kutoka upande wa geti au nguzo, paipu iliyozikwa kwa mtaro wa futi moja na nusu hadi mbili ili jembe lisiipate. Ya pili inatoka chini ya paa, upande ule faiba ya nguzo inaweza kufika. Ya tatu inapanda hadi juu ya paa kwa ajili ya dishi au antena. Hii ya juu usiifinye, weka ya milimita 32 au zaidi, kwa sababu baadhi ya nyaya za dishi huja na kichwa kikubwa ambacho hakiruhusiwi kukatwa. Dishi la setilaiti linataka anga wazi, na huku kwetu avokado na makadamia hazina adabu, zinakua tu. Kabla uamue dishi litakaa wapi, simama pale, angalia juu, fikiria huo mti ukiwa mkubwa mara mbili.

Paipu zote za kutoka nje zielekee chini kidogo upande wa nje. Ukizielekeza ndani, mvua ya Novemba itakuja kukusalimia kwa rauta. Muga!

Kona ya mitambo

Chagua sehemu moja ndani ya nyumba ambapo kila waya inaanzia. Hapo ndipo rauta itakaa, na swichi. Swichi ninayosema hapa siyo ya taa, ni kale kaboksi ka matundu mengi kanakogawa intaneti kwa nyaya zote. Kabati ndogo kwa koridoo inatosha, ama sehemu ya juu ya kabati la nguo la chumba cha wageni. Isiwe jikoni kwa sababu ya mvuke na mafuta, isiwe karibu na bafu. Na kama mafundi wamepanga tenki la maji kwa dari, hakikisha kona yako haiko chini yake. Tenki ikipasuka usiku, utapoteza mitambo yote kwa mpigo.

Hapo weka soketi mbili za stima, zile pacha, na uache hewa ipite. Rauta hupata joto.

Umuhimu wa kuwa na kona moja utauona siku stima imepotea, na unajua vile inapotea mvua ikianza. Kuna swichi za PoE, zinazotuma umeme mdogo ndani ya waya ile ile ya intaneti. Standadi yake ya kwanza ilitoka 2003 na inatoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, inayotosha kamera ya kawaida na visambaza waifai vingi vya nyumbani. Maana yake kamera pale juu ya ukuta haihitaji soketi yake. Na maana yake nyingine ni kwamba ukiweka UPS moja pale kwa kona, au betri ya sola, nyumba nzima inabaki na intaneti wakati mtaa wote ni giza. Brathe anaweza kumaliza kazi yake.

Hesabu ya matundu

Chukua ramani ya nyumba, hata ile ya kuchora kwa daftari, na uweke alama mahali kila kitu kitakaa. Usiweke alama mahali ukuta ni mzuri, weka mahali meza itakuwa.

Kwa nyumba kama ile yetu hesabu inaenda hivi. Sebule, nyuma ya TV, mbili. Masta, moja. Chumba cha mtu anayefanya kazi au kusoma, mbili. Chumba cha tatu, moja. Dari ya koridoo, moja ya kisambaza waifai, katikati ya nyumba. Kamera nne, moja kila kona ya nje. Jumla ni kumi na moja. Ukikadiria kila waya ni mita 12 kutoka kona ya mitambo, ukaongeza mita tatu za kupanda, kushuka na akiba ya kila upande, unapata mita 15 mara 11, yaani 165. Boksi moja la kebo huwa na mita 305. Kwa hivyo boksi moja linatosha na linabaki, hata ukikosea mara mbili tatu. Swichi ya matundu nane haitoshi hapo, nunua ya 16.

Watu wengi huweka tundu moja kila chumba na wanajuta. Gharama ya kuvuta waya mbili kwa paipu moja ni karibu sawa na ya kuvuta moja, kwa sababu kinachokula doo ni ukuta.

Jiko la nje, kaduka ka barabarani na nyumba ndogo ya kijana ni stori tofauti. Nitafika hapo, na hapo ndio kuna hatari.

Paipu kwanza, waya hata mwakani

Kama kuna kitu kimoja utachukua hapa, ni hiki: hauhitaji kununua kebo sasa. Hauhitaji rauta, swichi, wala kujisajili kwa kampuni yoyote. Unahitaji paipu za plastiki ndani ya ukuta, na kamba ya nailoni ndani ya kila paipu. Basi. Doo zikirudi, hata baada ya miaka mitatu, unafunga kebo kwa hiyo kamba, mtu mmoja anavuta upande huu, mwingine analisha upande ule, na hakuna ukuta umeguswa.

Paipu ya milimita 20 inabeba kebo mbili bila kulia. Ya milimita 25 inabeba nne. Usijaze hadi mwisho, kebo zinasuguana na zinakataa kuvutwa. Kutoka kona ya mitambo panda hadi juu ya dari, tembea juu ya dari, halafu shuka wima ndani ya ukuta hadi kwa tundu. Usiruhusu fundi achimbe mfereji mrefu wa kulala kwa ukuta unaobeba nyumba, unaudhoofisha, na pia miaka ijayo hakuna mtu atakumbuka paipu ilipita wapi kabla hajapiga msumari. Paipu ya wima unaweza kuikisia, iko juu ya tundu.

Kona za paipu ziwe za mviringo mpana, siyo zile elbo fupi za maji. Na zisizidi mbili kati ya mwanzo na mwisho, la sivyo weka boksi la kuvutia hapo katikati. Halafu ziba kila mdomo wa paipu na karatasi na selotepu kabla plasta ianze. Wasee wa mjengo wana haraka, na simiti ikiingia ndani ya paipu ikakauka umebaki na fimbo ya mawe.

Juu ya dari pia tumia paipu. Wengine wanasema juu ya dari hakuna mtu anaona, rusha tu waya. Panya wanaona.

Kama unajenga ghorofa, wiki yako si ile ya kabla ya plasta. Ni ile ya kabla ya kumwaga slabu. Paipu za kupanda juu zinafungwa kwa nondo kabla zege haijaja. Zege ikishamwagwa, kutoboa slabu ni jambo la kuongea na injinia.

Zisikae paipu moja na stima

Fundi wa stima akiona unachimba, atakupa wazo tamu: "Si tupitishe zote kwa paipu yangu, tuokoe?" Kataa na heshima. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Waya ya stima ikikwaruzwa ndani ya paipu na kugusa kebo ya intaneti, hiyo 240 inafika hadi kwa laptop, na kwa mkono wa mtu anayechomeka laptop. Mbali na hiyo hatari, stima inayotembea sambamba na kebo ya data inaiingizia kelele.

Weka paipu zako mbali na zake, sentimita 30 hivi zikienda sambamba. Zikilazimika kupishana, zipishane kama msalaba. Boksi la soketi ya intaneti liwe lake, hata kama liko urefu mmoja na soketi ya stima ili ukuta upendeze. Na huyo fundi wa stima awe na leseni ya EPRA. Bila yeye Kenya Power pia hawatakuunganisha kisheria.

Akija siku ya kwanza, keti naye na ramani, mkubaliane njia zake na zako kabla nyundo ya kwanza. Vijana wake wakichimba mifereji yote siku moja, unalipa vibarua mara moja.

Usichezwe na kebo feki

Sasa umefika dukani, iwe Meru taon, iwe Luthuli Avenue Nairobi. Utaonyeshwa maboksi matano ya Cat6, bei kutoka chini kabisa hadi juu, na yote yameandikwa vizuri. Hapa ndio wasee wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kebo ya ukweli ni kopa tupu ndani. Ile ya bei ya kutupa mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa kopa juu, na kwa boksi hujificha nyuma ya herufi tatu, CCA. Aluminiamu inazuia umeme zaidi ya kopa, inavunjika ikikunjwa mara chache, na ukiipitishia PoE ya kamera inapata joto na kamera inazima usiku unapoihitaji. Standadi za kimataifa za kebo za data haziikubali.

Kuitambua si ngumu. Inua boksi mbili za mita 305, ya kopa na ya CCA. Ya kopa itakuvuta mkono, ya aluminiamu ni nyepesi waziwazi. Halafu omba kipande, kwaruza waya moja na wembe. Ikibaki rangi ya kopa hadi ndani, sawa. Ikitokea nyeupe kama sufuria, mrudishie boksi lake.

Kuhusu namba: Cat5e inabeba Mbps 1,000 hadi mita 100. Cat6 inabeba hizo hizo hadi mita 100, na inaweza kufika Mbps 10,000 kwa umbali mfupi, kama mita 55. Pakeji nyingi za nyumbani ziko kwa makumi ya Mbps, kwa hivyo hata Cat5e ya kopa haitakuangusha. Mimi ningechukua Cat6 kwa sababu iko ndani ya ukuta na tofauti ya bei si ya kukosesha mtu usingizi. Mwenye anakuuzia Cat8 ya nyumba ya vyumba vitatu anakulipisha jina. Hiyo ilitengenezwa kwa vyumba vya seva, na mwisho wake ni mita 30.

Ndani ya ukuta tumia kebo ya nyuzi nzima. Zile laini za nyuzi nyingi ndogo ni za kutoka ukutani hadi kwa kompyuta. Ukivuta, usivute kama unavuta ng'ombe, ikikataa rudi uangalie imekwama wapi. Kebo iliyonyooshwa kwa nguvu inaharibika ndani na nje hauoni kitu. Pia usiikunje kama karatasi, mkunjo uwe mpana angalau mara nne ya unene wake.

Radi haina huruma, na hapa usibahatishe

Baada ya kurekebisha nyumba, nikajiona injinia. Nikavuta kebo ya kopa kutoka kwa nyumba hadi kaduka ka mathe kando ya barabara, juu juu, ikipita kati ya miraa. Ilifanya kazi fiti kutoka Agosti. Mvua za mwisho wa mwaka zikaanza, na mtu wa upande huu wa Mlima Kenya anajua zile za Oktoba hadi Desemba ndizo nzito. Usiku mmoja radi ikapiga mti wa jirani. Haikupiga waya yetu, ilipiga mti karibu. Asubuhi swichi ilikuwa imekufa, rauta imekufa, TV imekufa, na tundu la kompyuta ya brathe limeungua. Alikuwa amelala saa moja tu kabla ya hiyo radi, laptop ikiwa bado imechomekwa.

Waya ndefu ya chuma ikiwa nje inashika nguvu ya radi hata isipopigwa yenyewe. Na nyumba mbili zikiwa na stima tofauti na mashimo ya athi tofauti, hiyo waya inageuka kuwa daraja la umeme kati yao. Kwa hivyo kutoka jengo moja hadi lingine, usitumie kopa. Tumia faiba. Faiba ni glasi, haipitishi umeme, radi haina njia. Kila upande unaweka kadude ka kubadilisha mwanga kuwa intaneti ya waya ya kawaida. Ukinunua faiba iliyokatwa tayari na vichwa vyake kiwandani, hauhitaji mashine ya kuunganisha. Hakikisha tu haina waya wa chuma ndani wa kuibeba, na paipu yake iwe pana ya kupitisha hicho kichwa. Faiba pia inamaliza shida ya umbali, kwa sababu kebo ya kopa mwisho wake ni mita 100, na boma nyingi za huku kutoka nyumba hadi geti zinapita hapo.

Kama kuchimba mtaro kati ya miraa ni kesi na wazee, kuna antena mbili ndogo za kuangaliana, moja kwa kila jengo. Zinataka tu ziwe zinaonana bila mti katikati.

Kamera za kona za nyumba zenyewe ziko kwa ukuta ule ule, hizo kopa ni sawa, lakini kebo ikae ndani ya paipu ama iwe ile nyeusi ya nje. Ya ndani ikipigwa na jua inapasuka ngozi. Uliza fundi wa stima akuonyeshe athi ya nyumba ilipo na akuwekee kinga ya mshtuko kwa boksi kuu. Na mvua ya radi ikianza, fundisha watu wa nyumbani kuchomoa. Kinga hupunguza hatari, haiimalizi.

Siku ya kufunga vichwa

Kebo ina nyuzi nane, jozi nne, na mpangilio unaotumika sana ni T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Usifungue ule msokoto wa jozi zaidi ya sentimita moja na kitu, huo msokoto ndio unazuia kelele. Andika namba kwa kila kebo pande zote mbili na maka kabla haujaivuta, kwa sababu nyaya kumi na moja za rangi moja zikitoka kwa ukuta, hata aliyezivuta hazijui.

Tesita ya taa nane ya bei rahisi itakuonyesha kama kila uzi umefika. Lakini kuna jaribio la pili ambalo mafundi wengi hawakuonyeshi. Chomeka kompyuta kwa kila tundu, uangalie kasi ya uunganisho. Ikisema 1,000, poa. Ikisema 100, kuna jozi haijashika, kwa sababu ile kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu na 1,000 inataka zote nne. Intaneti itakuwa inafanya kazi, kwa hivyo fundi atakwambia "iko sawa, boss" na ashike boda. Mwambie arudie hicho kichwa kabla umlipe.

Na picha. Kabla plasta, piga kila ukuta picha, na futi kamba ikionekana kando ya paipu, kutoka kona na kutoka sakafu. Tuma kwa grupu ya familia, ndio hata simu ikipotea Marikiti, kuna mtu ako nazo. Siku mathe atataka kutundika picha ya harusi, hautatoboa paipu.

Sisi picha hatukuwa nazo. Chumba cha brathe sasa kina matundu mawili nyuma ya meza, na alipata akaunti nyingine ya kazi, inalipa kidogo kuliko ile ya kwanza. Juu ya hayo matundu kuna mstari wa plasta unaopanda hadi dari, rangi yake haijawahi kufanana na ukuta wote. Mathe ameweka kalenda hapo.